Viti vya Kuazima

Niliwaambia: njooni tu, hamna kitu.
Uongo wa kwanza wa siku ile.
Tangu adhuhuri nimeinamia karai,
viazi nimevivisha unga wa dengu na bizari,
mbaazi zimelala ndani ya tui zito,
ukwaju nimeukamua hadi vidole vikaota mikunjo
kama vya dobi.

Maji hayajafika Tudor tangu Jumatatu.
Kijana wa mkokoteni alinipandishia mitungi minne
ghorofa ya tatu, anahema, akauliza,
"Dada, leo kuna arusi?"
Hapana, nikamwambia, kuna marafiki.
Akaliangalia sinia la mishkaki, akaniangalia mimi.
Nikamtilia miwili ndani ya mkate,
akashuka ngazi akipiga mbinja.

Viti ninavyo viwili.
Kimoja kina mguu unaotaka kubembelezwa.
Nikambishia Mzee Bwanaheri, chumba cha chini,
anayekodisha viti na masufuria ya shughuli;
akanihesabia vitano vya plastiki, vyeupe,
akaviandika daftarini, na saa ya kuvirudisha:
"Saa nne kamili. Kesho nina hitima Kisauni."

Saa moja, hakuna mtu.
Saa moja na nusu, Msellem kasema yuko njiani,
nami nasikia kwenye simu
kata ya maji ikimmwagikia kichwani.
(Kumbe kwao yanatoka.)

Saa mbili wakaingia wote kwa mpigo:
Nargis na chupa ya achari ya mamake,
Mkamburi na mtoto kalala begani,
Dzombo mikono mitupu, mdomo umejaa,
Khuleita na keki iliyobonyea upande mmoja
pale tuktuk iliporuka tuta la Saba Saba.

Basi tena.
Nilikuwa nimepanga nani akae wapi.
Hakuna aliyekaa nilipomweka.
Walishuka mmoja mmoja, mkekani,
viti vikabaki vimeegemea ukuta
kama wakwe wanaongoja kuulizwa habari.

Tukacheza karata, na Dzombo
aliapa kwa marehemu babu yake
hali amemkalia malkia wa shupaza.
Tulicheka hadi mtoto akageuka kitandani mwangu,
akatukemea kwa usingizi.
Ni katikati ya kicheko hicho Khuleita akasema,
kama mtu anayeomba chumvi,
kwamba kazi ya bandarini imekwisha,
tangu wiki iliyopita.

Hakuna aliyesema pole.
Nargis alichagua kiazi kikubwa kuliko vyote,
akakichovya ukwajuni, akakiweka sahanini mwake.
Khuleita akakitazama kitambo.
Kisha akakila, chote, na Msellem akagawa karata upya.

Saa nne, mlango.
Bwanaheri na kikoi chake, daftari kwapani.
Akavitazama viti, akatutazama sisi.
"Nimekupa viti, mumekaa chini?"
Mimi sikuwa na jibu. Msellem akasogea:
"Karibu mzee, huku chini kuna nafasi."
Akakataa. Akaketi kitini, wima,
kama anayekikagua kabla ya kukilipia.
Kiazi cha kwanza alikila palepale.
Cha pili aliomba achari.
Cha tatu kilimkuta mkekani, miguu kaikunja,
akimwambia Dzombo ainuke alipokaa,
maana yeye pia, ujanani,
alimkaliapo malkia huyo.

Walitoka saa sita kasoro,
kila mmoja na kiti kichwani,
wakiambizana shh kwa sauti za kuamsha mtaa.
Hitima imepata viti vyake.
Vyombo nimeviosha kwa nusu mtungi.

Asubuhi, mlangoni: ndara mbili,
moja ya buluu, moja ya kijani,
zote za kushoto.
Mahali fulani Mombasa hii kuna mtu ana mbili za kulia,
na ama hajajua, ama anaona haya kurudi.
Sijapiga simu kuuliza.
Viazi vimebaki vitatu.
Nimevifunika.